Hesabu ya miezi sita: Nyumba ya Rais ya Philadelphia na ufundishaji wa utumwa wa kaskazini

Mwanzoni mwa Aprili 1791, George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa safarini majimbo ya kusini. Mkewe, Martha, alibaki Philadelphia, mji wa jimbo la Pennsylvania uliokuwa makao makuu ya nchi wakati huo. Mwanasheria Mkuu wa serikali, Edmund Randolph, akaja kumwona Martha. Randolph naye alikuwa mtu wa Virginia, naye alihamia Philadelphia na watumwa wake. Watatu kati yao walikuwa wamemwarifu kwamba kwa sheria ya Pennsylvania wao sasa, baada ya kukaa humo miezi sita, ni watu huru na wanakwenda zao. Alikuja kutahadharisha: angalieni, yaliyonikuta mimi yasije yakawakuta na ninyi.

Katibu wa Rais, Tobias Lear, alimwandikia bwana wake habari hiyo tarehe 5. Jibu la Washington liliandikwa Richmond tarehe 12. Aliagiza watumwa wa nyumbani kwake watolewe Pennsylvania kabla miezi sita haijatimia, na ifanyike kwa kisingizio kitakachowadanganya wao wenyewe na umma pia. Akasisitiza kwamba mawazo hayo yajulikane kwa Lear na Martha tu. Basi Austin, kijana wa farasi, akarudishwa Virginia, ikasemwa anakwenda kuwaona watu wake. Mwezi uliofuata ukapangwa msafara mfupi wa Martha kwenda Trenton, ng'ambo ya mto Delaware, katika jimbo la New Jersey, akifuatana na watumwa wawili, Christopher Sheels na msichana aliyemhudumia chumbani, Ona Judge. Kukanyaga New Jersey kulitosha. Hesabu ya miezi sita ikaanza upya.

Ninaisoma barua hiyo kila mwaka na darasa langu la Jumamosi. Ni vijana waliozaliwa au kukulia Marekani, wazazi wao wametoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa. Kiswahili wanakisikia nyumbani, historia ya Marekani wanaisoma shuleni kwa Kiingereza, na kwangu yanakutana yote mawili. Mara ya kwanza nilipowasomea, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, si tulifundishwa kaskazini ndiko watumwa walikokimbilia?"

Alikuwa amefundishwa sawa, lakini nusu. Kisa hiki kinahusu nusu iliyobaki, na safari ndefu ya watu wa Philadelphia kuirudisha pale ilipotokea, kwenye Nyumba ya Rais, kwa mabango ambayo serikali kuu ilikuja kuyang'oa mwaka 2026.

Sheria yenyewe

Tarehe 1 Machi 1780 bunge la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua. Lilikuwa bunge la kwanza nchini humo kufanya hivyo, na Wapennsylvania wana haki ya kulitaja kwa fahari. Lakini siku sheria ilipopita, hakuna mtumwa aliyeamka huru. Aliyekwisha kuandikwa mtumwa alibaki mtumwa. Mtoto ambaye mama mtumwa angemzaa baada ya siku ile angehesabiwa huru, ila amtumikie bwana wa mama yake mpaka afike miaka 28. Fikiria miaka 28 katika mwili wa mtu wa karne ile: ndiyo miaka ya nguvu zake zote.

Kwa wageni kulikuwa na kifungu chao. Mtu wa jimbo lingine akija kukaa Pennsylvania na watumwa wake, angeweza kukaa nao miezi sita. Ikipita hapo, mtumwa ana haki ya kudai uhuru. Wabunge wa taifa walisamehewa. Rais hakusamehewa, maana mwaka 1780 cheo hicho hakikuwapo. Wenye watumwa wakagundua njia: kabla miezi sita haijatimia mvushe mpaka wa jimbo, mrudishe, anza upya. Bunge likaiziba njia hiyo mwaka 1788 kwa marekebisho yaliyokataza kumtoa mtu jimboni kwa nia ya kukatisha miezi yake. Kwa hiyo Washington alipoagiza kisingizio, alikuwa anafanya jambo ambalo sheria ya mahali alipoishi ilikwisha kulikataza miaka mitatu kabla.

Hapo huwapa wanafunzi kalenda tupu na kalamu nyekundu. Weka alama siku ya kuwasili. Hesabu miezi sita. Sasa, wewe ni Ona, una miaka kumi na saba hivi, hujui kusoma. Nani atakuambia leo ni siku ya ngapi?

Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema hasa. Katika nyumba ile, kitu kilichofichwa kwa makusudi kilikuwa maarifa. Uhuru ulikuwa umeandikwa kwenye sheria, lakini ulikuwa uhuru wa kudai, na hudai usichokijua. Sisi watu wa pwani tunaujua uhuru wa namna hiyo. Amri ya Zanzibar ya 1897 nayo haikumwacha mtu huru kwa kupita tu. Mtumwa alipaswa mwenyewe kwenda mahakamani kuomba, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje. Sheria hizo mbili zimepishana zaidi ya karne moja, na hazikuandikwa na watu wamoja, lakini zote mbili zilimwachia mtumwa mzigo wa kujua. Ndiyo maana swali la nini kifundishwe pale Philadelphia, na bango gani liwepo au lisiwepo, haliji baada ya historia ile. Ni kipande chake.

Majimbo mengine ya kaskazini yalifanya hesabu zao. New York ilipitisha sheria ya hatua kwa hatua mwaka 1799: wavulana watumike mpaka miaka 28, wasichana 25. Watumwa waliozaliwa kabla ya hapo walisubiri hadi Julai 4, 1827. New Jersey ilianza mwaka 1804, kisha mwaka 1846 ikawabadilisha jina waliobaki, wakaitwa wanagenzi wa maisha. Sensa ya 1860 bado iliwakuta watu 18 wa namna hiyo. Pennsylvania yenyewe ilimaliza mwaka 1847. Sensa ya kwanza ya taifa, ya 1790, ilihesabu watumwa zaidi ya 21,000 katika New York na 3,737 Pennsylvania. Anayesema kaskazini ilijisafisha mara tu baada ya uhuru wa 1776 hajazijumlisha namba hizo.

Na hata palipokwisha kuwa huru, pesa haikuwa huru. Neno "merikani" bibi zetu walilitumia kwa kitambaa cheupe kigumu kilichokuja kwa majahazi na kushonwa kila kitu, kanzu hadi sanda. Kitambaa hicho kilifumwa New England, jimbo la Massachusetts hasa, kwa pamba iliyovunwa na watumwa wa kusini, na wafanyabiashara wa Salem wakakileta Unguja kununua pembe na sandarusi. Kilifika mpaka Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi. Darasani kwangu mtoto mmoja alikwenda kumuuliza nyanya yake kwa simu kama analijua neno hilo. Analijua. Hakuwa ameambiwa kamwe limetoka wapi.

Watu tisa

Washington aliishi katika nyumba ile ya Market Street, karibu na kona ya barabara ya Sita, kuanzia 1790 hadi 1797. Watumwa tisa kutoka Mount Vernon, shamba lake la Virginia, walihudumu humo kwa nyakati tofauti: Austin, Paris, Giles, Hercules, Richmond, Christopher Sheels, Moll, Joe na Ona Judge. Walikuja na kurudishwa, walikuja na kurudishwa, kwa mujibu wa ile kalenda. Tarehe 12 Februari 1793, katika miaka hiyohiyo, Washington alitia saini sheria ya taifa iliyompa mwenye mtumwa haki ya kumfuata mtoro wake katika jimbo lolote na kumkamata.

Hercules alikuwa mpishi mkuu. Mji mzima ulimjua, kwa chakula chake na kwa mavazi yake. Jioni, kazi ikiisha, alitembea mjini na fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Mwanawe Richmond alifanya kazi jikoni humo. Mwisho wa urais, Hercules aliachwa Virginia na kutiwa kwenye kazi ya udongo na mawe pamoja na watu wa shamba. Alfajiri ya Februari 22, 1797, siku Washington anatimiza miaka 65, hakuonekana. Mgeni mmoja kutoka Ufaransa aliyefika Mount Vernon baadaye mwaka ule alikutana na binti mdogo wa Hercules, wa miaka sita. Mtumishi wa mgeni akamuuliza kama ana huzuni kwamba hatamwona tena baba yake. Mtoto akajibu kwamba ana furaha sana, kwa sababu sasa baba yuko huru.

Jibu la mtoto wa miaka sita! Huwa silifafanui. Nalisoma, tunakaa kimya kidogo, tunaendelea.

Choo juu ya msingi

Makao makuu yalipohamishwa mwaka 1800, nyumba ile ikawa duka na nyumba ya wageni, na mwaka 1832 ikabomolewa sehemu kubwa. Kuta mbili za pembeni ziliendelea kusimama zikiwa zimemezwa na majengo ya jirani bila mtu kuzitambua. Mwaka 1951 nazo zikaangushwa. Waliozibomoa walikuwa wanasafisha eneo ili kujenga uwanja wa kuenzi uhuru. Mwaka 1954 pakajengwa choo cha umma hapo. Kwa karibu miaka hamsini watu walikuja Philadelphia kutazama uhuru ulikozaliwa, wakajisaidia juu ya msingi wa nyumba ya Rais, wakaondoka.

Jirani na hapo iko Kengele ya Uhuru, ile yenye ufa. Jina hilo kengele ilipewa na wapinga utumwa katika miaka ya 1830. Juu yake pameandikwa maneno ya Mambo ya Walawi kuhusu kutangaza uhuru katika nchi yote kwa wakaaji wake wote, na wapinga utumwa wakauliza: wote, kweli? Kabla yao ilikuwa kengele ya jengo la serikali tu. Yaani ishara kubwa ya uhuru wa Marekani ina jina lililotoka kwenye kinywa cha watu waliokuwa wakidai watumwa waachwe huru.

Miaka ya mwanzo ya 2000 Idara ya Hifadhi za Taifa ilikuwa inajenga jengo jipya la kengele hiyo. Januari 2002 mtafiti Edward Lawler alichapisha makala ya kina katika jarida la historia la Pennsylvania, akionyesha kwa ramani na barua nyumba ilisimama wapi hasa, na jinsi Washington alivyoagiza kibanda cha kukaushia nyama kiongezwe ili watu wa zizi walale hapo. Mahali pale ni hatua chache kutoka mlango wa jengo jipya. Mgeni anayekwenda kuitazama kengele angepita juu ya malazi ya watumwa bila kuambiwa.

Mwanahistoria Gary Nash alilisema hilo redioni, magazeti yakalichukua. Jibu la kwanza la wasimamizi wa hifadhi lilikuwa la kukataa: kuweka alama ya nyumba ile kungevuruga mpangilio na kuwachanganya wageni. Nimelifikiria sana jibu hilo. Sidhani lilitoka kwa watu waliochukia ukweli. Lilitoka kwa watu waliokuwa na hadithi moja nzuri, imepangwa vizuri, na hawakuona mahali pa kuchomeka nyingine. Walimu tunalijua tatizo hilo. Ukiwa na vipindi vinne vya kufundisha uhuru wa Marekani, utumwa wa kaskazini ndio unaoachwa, kwa sababu hauingii kwenye mstari.

Kilichobadilisha mambo ni watu kutoka nje ya ofisi. Wakili wa Philadelphia, Michael Coard, na wenzake waliunda umoja walioupa jina la kulipiza kisasi cha mababu. Walikusanyika kwenye eneo hilo mwaka 2002, na wakawa wanarudi kila mwaka. Waliandika barua, wakatafuta saini, wakaenda kwa madiwani. Kamati ya bunge la taifa ikaitaka idara ieleze watu waliotumikishwa pale. Meya John Street akaahidi dola milioni 1.5 za mji. Mwaka 2006 mji na idara wakatia saini mkataba wa ushirikiano. Msomaji auweke akilini mkataba huo, maana miaka ishirini baadaye ndio uliosimama mahakamani.

Mwaka 2007 wakaamua kuchimba kabla ya kujenga. Likajengwa jukwaa la mbao pembeni ya shimo, wachimbaji wakawa wanawaeleza watazamaji kila wanachokifukua. Watu wapatao 300,000 walipita kuangalia. Walitoka mapumziko ya chakula cha mchana, walitoka na watoto mikononi, weusi na weupe, wakasimama kwenye ukingo uleule. Chini wakaona vitu viwili karibu sana: msingi wa dirisha la mviringo ambalo Washington alilijengesha ili apokee wageni wake kwa heshima, na msingi wa jiko la Hercules, pamoja na njia ya chini ya ardhi iliyopita kati ya jiko na nyumba kubwa, ambamo wahudumu walikwenda na kurudi bila kuonekana na wageni.

Kwa maoni yangu, ile miezi michache ya shimo wazi ilifundisha kuliko chochote kilichofuata. Hakukuwa na bango. Mtu aliona kwa macho yake kwamba mahali pa heshima na mahali pa kazi ya watumwa palikuwa nyumba moja, hatua chache kutoka hapa hadi pale. Hakuna aliyehitaji kumweleza hilo.

Maonyesho ya kudumu yalifunguliwa Desemba 2010: fremu ya nyumba bila paa, sehemu ya msingi ikionekana chini ya kioo, majina tisa yamechongwa ukutani, mabango, skrini za video. Yalilaumiwa, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki. Skrini ziliharibika mara kwa mara. Baadhi ya mabango yalikuwa marefu mno kwa mtu aliyesimama kwenye jua. Lakini mahali palikuwa sahihi, na hilo lilikuwa kubwa. Foleni ya kengele inapita pembeni. Huwezi kuuona uhuru bila kupita kwanza mbele ya majina tisa.

Mabango kung'olewa

Machi 27, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri iliyotaka maeneo ya historia ya serikali kuu yakaguliwe na kuondolewa maelezo yanayowadhalilisha Wamarekani wa zamani au walio hai. Januari 22, 2026, wafanyakazi walifika kwenye Nyumba ya Rais na vyuma vya kung'olea, wakayatoa mabango ya utumwa ukutani moja baada ya jingine mchana kweupe, watu wakitazama. Majina tisa yalibaki, kwa kuwa yalikuwa yamechongwa kwenye ukuta wenyewe.

Mji wa Philadelphia ulifungua kesi siku ileile. Hoja ya serikali kuu ilikuwa kwamba yenyewe ndiyo inayozungumza katika maeneo yake na inachagua la kusema. Hoja ya mji ilikuwa kavu zaidi, na kwa hiyo na nguvu zaidi: tuna mkataba wa 2006, huwezi kubadilisha bila kushauriana nasi. Februari 16 Jaji Cynthia Rufe aliamuru mabango yarudishwe. Kazi ya kuyarudisha ikaanza siku chache baadaye, na serikali ikakata rufaa.

Watu wengi waliuliza ukweli ni upi na nani ana haki ya kuusema. Mimi nilikuwa naangalia karatasi. Mwaka 2006 yupo mtu, au watu, waliokaa mezani wakasisitiza kwamba makubaliano yaandikwe na kutiwa saini, wakati ambapo kila mtu alikuwa na nia njema na ilionekana hakuna haja. Shule, misikiti, makanisa na vyama vya wahamiaji vinavyotaka kuweka kumbukumbu zao mahali pa umma vijifunze hapo. Nia njema ya ofisi hubadilika na mwenye ofisi.

Wiki ile mabango yalipotolewa, wazazi wawili waliniandikia kuuliza kama bado tutakwenda ile ziara tuliyoipanga. Tukaenda. Kuta zilikuwa na mashimo ya misumari, na watu walikuwa wamebandika karatasi zao za mkono na kuacha maua. Wanafunzi walisoma karatasi hizo zote. Kisha tukasimama kwenye majina na nikatoa mfukoni lile tangazo.

Tangazo

Mei 21, 1796, Ona Judge aliondoka. Tangazo la kumtafuta lina tarehe ya Mei 23, na aliyelitia saini ni Frederick Kitt, msimamizi wa nyumba ya Rais. Zawadi ni dola 10 kwa atakayemrudisha akipatikana mjini au kwenye chombo bandarini. Linasema ametoroka kutoka nyumba ya Rais wa Marekani. Ni msichana chotara mwenye madoadoa mengi usoni, macho meusi sana, nywele nyeusi zilizojaa, umbo la wastani, mwembamba, umri kama miaka 20. Ana nguo nyingi nzuri za kubadilisha. Huenda akajaribu kwenda kwa njia ya maji, kwa hiyo manahodha wote wanaonywa wasimpokee. Huenda akajifanya mwanamke huru, na inasemekana ana nauli.

Huwaambia wanafunzi watafute sentensi moja inayosema uongo. Huwa hawachelewi. Tangazo linasema hakukuwa na dalili yoyote kwamba ataondoka, "wala uchokozi wowote" wa kumfanya aondoke.

Hapo tunalifungua. Martha alikuwa ameamua kumtoa Ona kama zawadi kwa mjukuu wake, Eliza Custis, aliyekuwa ameolewa majuzi. Familia ilikuwa inafunga mizigo kwenda Virginia. Ona mwenyewe alisimulia mwaka 1845, akiwa mzee: wao walipokuwa wakifunga kwenda Virginia, yeye alikuwa akifunga kwenda asikokujua, maana alijua akirudi Virginia hatapata uhuru wake kamwe. Alikuwa na rafiki kati ya watu weusi wa Philadelphia, akawa amekwisha kupeleka vitu vyake kwao, na akatoka nyumbani wakati wakubwa wanakula.

Tazama basi kilichotokea kati ya 1791 na 1796. Mwaka 1791 agizo lilikuwa asijue. Mwaka 1796 alijua kila kitu alichohitaji: siku ya safari, saa ya chakula, nyumba ya kuhifadhi mzigo, jahazi la kupanda. Aliyajua kutoka kwa watu weusi huru wa mji ule, waliokuwa na makanisa yao na barabara zao na midomo yao. Vitabu vya shule vikimtaja Ona humtaja peke yake, shujaa mmoja. Tangazo lenyewe linaonyesha haikuwa hivyo. Kitt anashuku nauli imetoka mahali fulani.

Katika Kiswahili cha pwani mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana alikuwa na jina lake, mzalia. Aliyekimbia, mtoro. Ona alikuwa mzalia aliyegeuka mtoro, na wanafunzi wangu wanapoyasema maneno hayo mawili mbele ya ukuta wa Philadelphia, kitu fulani kinakaa mahali pake. Lugha yao inayo maneno ya jambo hili. Ilikuwa nayo tangu zamani, na sababu zake si za kupendeza, na hilo nalo tunalizungumza.

Alipanda jahazi la Nahodha John Bolles mpaka Portsmouth, New Hampshire. Huko kaskazini zaidi alitambuliwa mtaani na binti wa Seneta Langdon, aliyewahi kuitembelea familia ya Rais. Washington alimtumia afisa wa forodha, Joseph Whipple, amshawishi arudi. Ona alisema atarudi iwapo ataahidiwa uhuru baada ya kifo cha bwana na bibi. Washington alikataa, akasema haiwezekani kujadiliana naye hivyo. Mwaka 1799 mpwa wa Martha alikuja kumchukua, kwa nguvu ikibidi. Ona akapewa habari mapema na akahama usiku. Alikuwa ameolewa na baharia, Jack Staines, akazaa watoto watatu. Alijifunza kusoma. Alikuwa maskini maisha yake yote, mumewe na watoto wake wakamtangulia. Aliulizwa uzeeni kama hajuti, kwa kuwa kazi aliyoifanya New Hampshire ilikuwa ngumu kuliko ya kwa Washington. Akasema hapana; yuko huru, na kwa njia hiyo anatumaini amefanywa mtoto wa Mungu.

Mwanafunzi mmoja, mvulana asiyesema sana, aliuliza siku ile penye ukuta: yule Eliza aliyeahidiwa zawadi, alikaa bila?

Hakukaa bila. Ona alikuwa na mdogo wake aitwaye Philadelphia, jina la mji huohuo, waliyemwita Delphy. Eliza alipewa Delphy. Mume wa Eliza, Thomas Law, alimwandikia hati ya uhuru mwaka 1807. Ona alifariki Februari 25, 1848, bila hati yoyote. Washington katika wasia wake aliwaacha huru watumwa waliokuwa wake, lakini Ona alihesabiwa mali ya urithi wa Custis, mume wa kwanza wa Martha, na kisheria alikufa akiwa bado mtoro.